Helmeti Moja, Vichwa Kumi na Kimoja

Mimi na mke wangu tumeishi pamoja miaka ishirini na miwili, mimi nikiendesha pikipiki, yeye akiandika majina ya watu walioanguka na pikipiki. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wacheke tu. Wangekuwa wao wanaokaa mezani na mwanamke ambaye tangu asubuhi ameandika vichwa vinne vilivyopasuka, halafu anamtazama mumewe kichwani kama anayechagua tikiti sokoni, kicheko kingewakauka.

Yeye ni karani wa mapokezi ya majeruhi, hospitali kuu. Ana dirisha lake la kioo lenye tundu chini, ana daftari kubwa lenye jalada jeusi, ana kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na ana rula ya mbao iliyoshikwa mpaka namba za mwanzo zimefutika. Kila Ijumaa mchana, wagonjwa wakipungua, hupiga mistari ya wiki inayofuata: jina, umri, kilichotokea, kilichoumia, aliyemleta. Na kila jina likishaandikwa hulipigia mstari chini kwa rula. Mtu aletwe anapiga mayowe, damu idondoke sakafuni, mstari wake unanyooka vilevile. Wauguzi wanamwita Mama Rula. Mimi namwita mama watoto, maana rula ya nyumbani naijua kuliko wao na sitaki kuichokoza.

Usidhani kazi huiacha kazini. Kopo la sukari limeandikwa sukari, la chumvi limeandikwa chumvi, na mlango wa choo umeandikwa FUNGA. Mwezi mmoja aliniambia nimesema "nakuja sasa hivi" mara kumi na nne, na mara mbili tu ndizo nilizokuja. Sasa mtu wa namna hiyo utabishana naye vipi? Lakini mimi nilibishana. Sikuchaguliwa mwenyekiti wa kituo cha bodaboda kwa uzuri wa sura.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja, helmeti. Sikuwa navaa, na sababu nilikuwa nazo za kujaza gunia. Joto. Harufu. Abiria akisema "shusha hapa" humsikii mpaka mmeshapita, halafu anakutukana, na matusi ndiyo unayasikia vizuri.

"Wanaoanguka bila helmeti, baba watoto," aliniambia siku moja akinipakulia, "kati ya mia, zaidi ya nusu wanaumia kichwa."

"Hao ni mia," nikamwambia. "Mimi si mia. Mimi ni mmoja."

"Haya."

"Na kichwa ni changu. Sikukiazima kwa mtu."

"Kichwa ni chako, nani kakataa? Lakini kikipasuka, wa kukilisha uji kwa kijiko ni mimi. Kwa hiyo na mimi nina fungu langu humo."

Nikasusa chakula. Nilisusa dakika tano hivi, kisha nikakumbuka kwamba mwenye njaa ni mimi.

Basi, sheria ya helmeti ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa imelala usingizi wa pono. Mwaka huo wakaiamsha. Hospitali ikaambiwa iongeze safu moja kwenye daftari: Helmeti, ndiyo au hapana. Na askari mmoja wa barabarani akawekewa benchi pale karibu na dirisha, kazi yake kusoma safu hiyo. Aliyeumia mguu au mkono hakuwa na shida naye. Lakini ukiletwa umeumia kichwa na safu inasema hapana, pikipiki yako inachukuliwa na kufungwa kituo cha polisi siku thelathini. Siku thelathini, jamani! Mtu kichwa kimepasuka, na chombo chake nacho kinafungwa, familia ile nini?

Nikaitisha mkutano kwenye kibanda cha fundi pancha. Helmeti wenzangu walikuwa nazo, usiwaonee, ila zilikuwa zimepata kazi nyingine. Mmoja alikuwa anapimia mahindi. Ya rafiki yangu tunayemwita Mchungaji ilikuwa na kuku anaatamia. Huyu tunamwita Mchungaji si kwa dini, ni kwa kuwa hawezi kusema jambo bila kulirudia mara tatu na kuinua mkono.

"Kuku ana mayai tisa," alisema, mkono juu. "Tisa, ndugu zangu. Tisa! Nimfukuze?"

Ndipo akili yangu ikafanya kazi. Laiti isingefanya. Nikasimama juu ya tairi nikawaambia, "Jamani, hawatuulizi barabarani, wanatuuliza dirishani. Kwa hiyo helmeti haitakiwi barabarani, inatakiwa dirishani. Na dirisha ni moja. Dirisha moja, helmeti moja!"

Walinipigia makofi mpaka fundi pancha akatoka na gundi mkononi. Tukachanga, tukanunua helmeti moja nyekundu, kubwa, ili ikubali kichwa chochote. Tukaitundika kwenye msumari kibandani. Utaratibu ukawa huu: mwenzetu akianguka akaumia kichwa, aliye karibu na msumari anaichomoa na kukimbia nayo hospitali, aifikishe kabla swali halijaulizwa. Aliyeumia mguu tulimwacha aseme ukweli wake.

Wa kwanza alikuwa Mchungaji mwenyewe. Alimkwepa mbuzi, akaukuta ukuta. Msamaria mmoja akampakia kwenye gari la mchanga, gari lenyewe linatembea kama linakwenda mazishini. Mimi nikachomoa helmeti, nikapita vichochoroni, nikafika dirishani natweta. Mke wangu akainua macho juu ya miwani.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mchungaji. Ameanguka, maskini, lakini alikuwa ameivaa."

"Mchungaji yuko wapi?"

"Anakuja."

Akaitazama helmeti. Akanitazama mimi. "Kwa hiyo helmeti imemtangulia mwenyewe."

"Ilikuwa na haraka," nikasema. Ndilo lililonijia.

Askari kwenye benchi alikuwa anakula karanga, hakusikia kitu. Mchungaji alipofika, kichwa kimefungwa shati la dereva, akaulizwa kama alivaa. Akainua mkono. "Nilivaa. Nilivaa, shemeji. Nilivaa!" Mke wangu akaandika ndiyo, akaweka rula, akapiga mstari.

Jioni nilimsubiri aniseme. Hakunisema. Alinipa chakula, akaniuliza kama chumvi imetosha. Ningekuwa na akili ningeogopa pale pale, lakini nilijiona mjanja.

Miezi sita helmeti ile ilifanya kazi kuliko daktari yeyote. Mwenzetu mmoja alifungua kichwa kwenye nguzo ya umeme, helmeti ikamfuata. Mwingine aliteleza kwenye mchanga wa ujenzi, helmeti ikamfuata. Tulipoogopa itajulikana, tukawa tunaibadilisha: leo tunaibandika stika ya nyota, kesho tunabandua nyota tunaweka simba. Mara moja tuliipaka vumbi ili ionekane imeanguka, aliyeipeleka akakutana na mvua njiani, ikafika inang'aa kama kikombe cha mshindi. Na kuna mwenzetu tunamwita Kibuyu, kichwa chake ni cha kuzaliwa nacho hivyo. Daktari akasema hebu avae tuone imekaa vipi. Haikuingia! Kubwa vile, haikuingia!

"Kimevimba baada ya ajali, daktari," wenzangu wakaeleza.

"Shemeji, kweli alivaa," mmoja akamwambia mke wangu dirishani.

"Hapa mimi si shemeji," akajibu bila kuinua kichwa. "Hapa mimi ni dirisha. Sema jina lake na umri."

Akaandika ndiyo. Watu kumi na mmoja, vichwa kumi na kimoja, ndiyo kumi na moja. Hakuna pikipiki yetu hata moja iliyofungwa, na mimi kituoni nikawa natembea mikono nyuma kama waziri.

Sasa sikiliza mambo ya takwimu. Kila baada ya miezi sita hospitali hupeleka hesabu za majeruhi makao makuu, na makao makuu huzijumlisha. Safari hii zilipofika za kwetu, mtu aliyezisoma aliruka kwenye kiti. Akapanda basi akaja mwenyewe, kijana mwenye tai na kompyuta ya mapajani, na kila akifungua mdomo inatoka asilimia. Siku hiyo hiyo mlinzi wa geti akambatiza Bwana Asilimia.

Hesabu zilisema hivi. Walioanguka wakiwa na helmeti, watu kumi na wanne. Kati yao kumi na mmoja wameumia kichwa. Walioanguka bila helmeti, watu arobaini. Walioumia kichwa, ishirini na wawili. Maana yake, mji mzima, mwenye helmeti anapasuka kichwa kuliko asiye nayo!

Mlinzi wa geti alitusimulia, na mimi, badala ya kutetemeka, nilifurahi. Naona haya kusema, lakini nilifurahi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba uongo ule niliutunga mimi. Kituo kizima tulisahau. Mchungaji akainua mkono akasema, "Helmeti zinavunja vichwa! Zinavunja, ndugu zangu!" akiwa na kovu la mshono juu ya jicho. Nikapanda pikipiki mpaka nyumbani, nikamkuta mke wangu anachambua mchele.

"Mama watoto! Nilikuambia nini mimi? Nilikuambia nini?"

"Uliniambia mengi."

"Kati ya mia wenye helmeti, karibu themanini vichwa chali! Wasio nazo, hamsini na tano tu. Na si maneno yangu, ni daftari lako wewe mwenyewe! Namba hazidanganyi!"

Akaendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. "Ni kweli," akasema. "Namba hazidanganyi." Akatoa jingine.

Nilikula siku hiyo kama bwana harusi. Baadaye nikamwuliza miwani yangu iko wapi, akasema, "Tazama kwenye mkoba wangu." Nikafungua mkoba, nikakuta barua. Barua ya kazini, ina mhuri. Ilisema hesabu za daftari la majeruhi hazikubaliki kwa akili ya kawaida, kwamba kuna dalili karani anaandika bila kuuliza, na kwamba ana siku saba za kutoa maelezo mbele ya mganga mkuu na mtaalamu wa takwimu. Akishindwa, anaondolewa dirishani na kupelekwa stoo ya mashuka.

Stoo ya mashuka! Mke wangu, ambaye hajawahi kufuta neno kwenye daftari lile, ambaye aliwahi kwenda kazini ana homa kwa sababu aliyemshikia zamu hapigi mistari, leo aitwe mtu wa kubuni! Eti anaandika bila kuuliza. Yeye! Mimi nikichelewa robo saa ananiuliza maswali tisa.

"Hii barua ya lini?"

"Ya jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia lini?"

Ndipo nikafahamu kwamba alijua. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Mchungaji. Helmeti ina nailoni ya dukani ndani yake, baba watoto. Haijabanduliwa. Mtu avae helmeti, agonge ukuta, apasuke paji la uso, nailoni isichanike?"

"Sasa si uwaambie! Waambie tulidanganya, yaishe!"

"Niwaambie nini? Nilimwona nani akianguka? Mimi naandika ninachoambiwa na mgonjwa na anayemleta. Siku nikianza kuandika ninachojua, lile si daftari tena, ni umbea." Akaifunika sufuria. "Aliyesema ndiye anayeweza kusema vingine."

Hakulia, hakupiga kelele. Angepiga kelele ningekuwa na pa kujishikilia.

Siku ya pili yake nikawaambia wenzangu kituoni kwamba itabidi niseme ukweli. Ala! Watu waliokuwa wananipigia makofi!

"Mwenyekiti, unatuuza?"

"Pikipiki kumi na moja zifungwe kwa ajili ya shuka?"

"Kumi na moja," alisema Mchungaji, mkono juu. "Kumi na moja, ndugu zangu!"

Nikanywea. Siku ya tatu nikanywea, ya nne nikanywea, ya tano nikajifanya nina mafua. Kila jioni namkuta ananoa penseli, anafuta rula kwa kitambaa, kama mtu anayeaga vyombo vyake. Siku ya sita nilimwona kwenye kitanda chetu anakunja mashuka. Alikuwa anajaribu kuona kama ataweza. Aliyakunja vizuri sana, pembe kwa pembe, na mimi nikatoka nje nikasimama na kuku wa jirani.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, ndiyo saa aliyoitiwa. Nikaenda kibandani, nikachomoa helmeti kwenye msumari. Hakuna aliyenizuia, ila hakuna aliyenitazama. Nikaifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, kwa uangalifu, nailoni isichanike, maana nailoni ndiyo ushahidi. Utaniuliza kwa nini sikuivaa. Ilikuwa kidhibiti bwana, kidhibiti hakivaliwi! Ndivyo nilivyowaza. Na sina la kuongeza.

Kutoka kituoni mpaka geti la hospitali ni mwendo wa dakika mbili, unaonekana wote. Nilikuwa najifunza hotuba yangu kwa sauti. "Mheshimiwa mganga mkuu, mheshimiwa mtaalamu, mimi ni mtu mzima na nina akili timamu." Nilipofika kwenye akili timamu nikalikuta tuta. Tuta jipya, limejengwa wiki ile mbele ya geti ili watu wasiumie. Sikuliona. Pikipiki ikaenda kulia, mimi nikaenda kushoto, na kichwa changu, ambacho sikukiazima kwa mtu, kikatua kwenye ukingo wa mfereji. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilikuwa zima kabisa.

Ninachokumbuka ni anga, na miguu ya wenzangu wakija mbio. Mazoea mabaya, jamani. Kabla hata hawajanigeuza, Mchungaji alishafungua mpira, ameshika helmeti, anakimbia nayo getini. Mimi nikaletwa nyuma yake kwenye machela, tambaa kichwani, damu inaingia jichoni. Helmeti ikanitangulia.

Pale mapokezi kulikuwa na watu wengi. Mganga mkuu alikuwepo, Bwana Asilimia alikuwepo na kompyuta yake wazi, walikuwa wameamua kufanyia kikao hapo hapo dirishani ili waone anavyoandika. Mchungaji alishaiweka helmeti mbele ya kioo. Na wenzangu wote, ambao asubuhi hawakunitazama, wamejaa mlangoni.

Mke wangu alikuwa nyuma ya kioo. Alitazama viatu vyangu kwanza. Halafu akanitazama usoni. Hakutoka. Akashika kalamu.

"Jina."

Nikamtajia jina langu. Mwanamke niliyezaa naye watoto watatu.

"Umri."

"Unaujua."

"Umri."

Nikamtajia. Akaniuliza kilichotokea, nikasema tuta. Akaniuliza kilichoumia, nikaonyesha.

"Helmeti. Ulivaa?"

"Alivaa!" akasema Mchungaji. "Alivaa, shemeji. Alivaa!"

"Tulimwona!" wenzangu wakaitikia mlangoni, kama kwaya. Askari kwenye benchi akaacha karanga zake.

Na walikuwa wananipenda, hilo nalijua. Walikuwa wananiokolea pikipiki yangu. Nikaitazama helmeti, haina hata mkwaruzo, nailoni inang'aa ndani. Hotuba yangu yote ilikuwa imebaki mferejini. Neno "mheshimiwa" sikulikumbuka, wala akili timamu sikuwa nazo.

"Hapana," nikasema.

Mchungaji mkono ukabaki juu.

"Sikuvaa. Na hao wengine kumi na mmoja hawakuvaa. Ni hii hii moja, tunaibadilisha stika. Tazameni nailoni. Wazo lilikuwa langu, mimi mwenyekiti. Karani wenu aliuliza kila mtu, na kila mtu alimdanganya, na mimi ndiye niliyewafundisha. Basi. Nishoneni, nasikia kizunguzungu."

Bwana Asilimia akaichukua helmeti, akaingiza kidole ndani, akagusa nailoni. Akabonyeza kompyuta yake muda mrefu. Nilimsikia anasema taratibu, kama mtu anayesali, "Kwa hiyo waliovaa ni watatu. Na walioumia kichwa kati yao, hakuna." Halafu akasema, "Na wasiovaa ni hamsini na mmoja."

"Hamsini na wawili," mke wangu akamsahihisha. "Na huyu."

Walinishona nyuzi saba. Zamu yake ilipokwisha alikuja kukaa kwenye kiti kando ya kitanda changu, mkoba mapajani. Mimi nikamwanza kwa maneno, ndiyo silaha yangu.

"Umenidai umri wangu mbele za watu kama hunijui."

"Uliwahi kuniambia wewe si mia," akasema. "Ulisema wewe ni mmoja."

"Yale ni maneno ya mezani tu, mama watoto."

"Hapana, ulisema kweli. Mimi kwenye dirisha lile sijawahi kuandika mia. Hawaji mia. Anakuja mmoja, namwandika. Anakuja mwingine, namwandika. Na machela huingia miguu mbele. Kila mlango ukisukumwa naangalia kwanza viatu, kama ni vyako. Kila siku, baba watoto, tangu ulipoanza hiyo kazi. Wewe kichwa chako kina joto, haya, pole. Mimi je?"

Nilimshika mkono, akaniachia niushike, nao ulikuwa baridi.

Pikipiki yangu ilifungwa siku thelathini, sheria ni msumeno. Za wenzangu zilisamehewa kwa sharti moja: kila mmoja aje dirishani na helmeti yake mwenyewe, asahihishe jibu lake kwa kalamu nyekundu, na atie sahihi. Walikuja wote kumi na mmoja, wamepanga foleni, hakuna anayesema shemeji. Kibuyu alipata ya kuagiza. Ya Mchungaji ilikuwa na nyoya ndani, na kuku wake nasikia amehamia kwenye kikapu kwa hasira. Bwana Asilimia alirudi makao makuu, na stoo ya mashuka ikapewa mtu anayeipenda.

Wiki moja baada ya ajali nilikwenda kuondolewa nyuzi. Nikapita dirishani. Alikuwa ameitwa ndani kidogo, daftari liko wazi, limegeukia kwake. Nikainama nikasoma kupitia kioo, herufi ziko kichwa chini miguu juu. Ukurasa mzima mistari imenyooka. Halafu nikafika kwenye jina langu. Jina lenyewe liliandikwa vizuri, umri, tuta, kichwa, hapana. Lakini mstari wa chini yake ulikuwa umepinda. Ulianza vizuri, ukapanda, ukashuka, ukaingia kwa mtu wa chini, kama umepigwa na mtoto.

Akarudi, akanikuta natazama.

"Siku ile rula ilikuwa wapi?" nikamwuliza.

"Ilikuwa mkononi," akasema.

Akainama chini ya meza, akatoa ile helmeti nyekundu. Polisi walikuwa wameshamaliza nayo, wenzangu walisema nipewe mimi. Akazunguka mlangoni akanipa, akarudi dirishani, kwa kuwa kulikuwa na mtu anasubiri.

Nikatoka nje. Nikaichana ile nailoni kwa meno, nikaivaa helmeti juu ya bandeji. Ilikuwa na joto, ilinuka plastiki, na iliniwasha masikio. Pikipiki yangu ilikuwa bado imefungwa polisi siku ishirini na tatu, kwa hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu, helmeti kichwani, katikati ya soko, nikapita mbele ya kituo chetu. Watu walinicheka njia nzima. Wacheke tu.